Kutoka Sadashiva hadi kwa bibi yangu

Nyumba tatu za Mysuru, mji wa kusini mwa India, zilinikataa kabla ya ile ya nne kunipokea. Ya kwanza, mwenye nyumba alisikia jina langu akasema chumba kimeshachukuliwa, na tangazo lingali limebandikwa getini. Ya pili waliniuliza kama nakula nyama, nikasema ndiyo. Ya tatu nikasema hapana, dagaa wa mama kutoka Tanga wakaniumbua kwa harufu. Ya nne ilikuwa ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Kisanskriti, ambaye baada ya kunipa sharti la kutopika nyama ndani alikuwa na swali moja tu: "Unaamka saa ngapi?" Nikamwambia alfajiri, kwa ajili ya swala. Akacheka, akanipa ufunguo wa chumba cha juu.

Mwaka ulikuwa 2010, nami nimekwenda kusomea famasia. Sababu ya lile swali niliijua kesho yake. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, barazani chini ya sakafu yangu, watoto tisa walianza kuimba kwa sauti moja, mwalimu akitoa mstari mara moja na wao wakiurudia mara mbili. Nilipitiwa na usingizi tena, nikaota niko chuoni kwetu, nimesahau ubao wangu nyumbani na bakora inakuja.

Mtaa mzima ulimwita mzee yule Meshtru, ndivyo kwa Kikannada, lugha ya huko, wanavyomwita mwalimu, nami nikamwita hivyo hivyo. Mkewe alikuwa Ajji, bibi, na yeye akaniita maga, mwanangu. Miezi miwili ya kwanza uimbaji ule ulikuwa kero tu. Ubeti wa kufungulia haukubadilika hata siku moja, nami nauandika hapa kama masikio yangu yalivyoupokea:

Sadashiva samarambham
Shankaracharya madhyamam
asmadacharya paryantam
vande guruparamparam

Asubuhi moja nanyoa ndevu, vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kuhesabu vyenyewe. Sa-da-shi-va-sa-ma-ram-bham, nane. Mstari wa pili, nane. Wa tatu nane, wa nne nane, na vyote vinne vinaishia kwa -am. Nikabaki na povu shavuni. Mtu aliyelelewa mwambao hahitaji kufundishwa hesabu hiyo: vipande vinne, mizani nane kila kimoja. Ni kipimo cha utenzi. Kwetu kipande cha nne kingekuwa na kina chake kinachotembea beti zote, lakini kipimo ni kile kile alichokuwa akituimbia bibi usiku umeme ukikatika.

Nilishuka mbio kumweleza Meshtru. Akanisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa aliyejigundulia ugonjwa. Akasema ndiyo, bahari hiyo ya ushairi inaitwa anushtubh, silabi 32, na sehemu kubwa ya Mahabharata na Ramayana, tendi mbili kuu za kale za India, imetungwa kwayo. Kisha akasema nimwimbie ubeti wa kwetu. Nikamwimbia, naye akawa anapiga goti kwa kidole, nane, nane, nane, nane. Ajji akaleta kahawa ya maziwa, ile ya Mysuru inayomiminwa kwa mbali kutoka bilauri ya chuma hadi kibakuli chake mpaka ipande povu. Tangu siku hiyo nikawa na kahawa yangu barazani kila jioni, na somo lililokuja nayo bila kuombwa.

Ubeti wenyewe haukumchukua dakika tano kuueleza. Samarambha ni mwanzo: mlolongo unaanza kwa Sadashiva, Mungu Shiva katika sura yake ya upole. Madhyama ni kati: hapo amekaa Shankara, mwanafalsafa aliyezaliwa Kalady, Kerala, ambaye wanahistoria wengi humweka karibu na karne ya 8, na mapokeo yanasema alifariki akiwa na miaka 32 tu. Asmadacharya paryanta ni hadi kwa mwalimu wetu sisi. Vande, naamkia kwa kuinama. Guru ni mwalimu, na parampara ni mmoja akimpa mwingine, naye mwingine. "Silsila," nikasema. Akaliuliza tena neno hilo, akaliandika pembeni mwa gazeti.

Hapo ndipo nilipojiona nimefika kwetu, nikajisahau. Nilimweleza habari za isnadi: kwamba hadithi haipokewi mpaka itajwe nani kasikia kwa nani, na kwamba wanazuoni walimchunguza kila mtu katika mnyororo, kumbukumbu yake, ukweli wake, kama kweli aliwahi kukutana na huyo anayedai kumsikia. Nikamtajia kauli ya Abdullah ibn al-Mubarak, kwamba lau si isnadi kila mtu angesema atakalo. Nikamweleza usiku wa Ijumaa ambao babu alinipeleka zawiyani, silsila ya tarika ya Kadiria ikasomwa jina baada ya jina, ikimpitia Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa 1909, ikarudi nyuma hadi kwa Sheikh Abdulqadir wa Baghdad, na bado ikaendelea. Kisha nikamgeukia. "Yako ina majina mawili, Meshtru. Mungu mwanzoni, Shankara katikati, halafu miaka elfu na zaidi kimya, halafu mwalimu wako. Wengine wako wapi?"

Nilikuwa na miaka 21. Nikilikumbuka swali lile sasa natamani ningelimeza.

Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na kitabu kilichovikwa gazeti, kama tulivyokuwa tukivika madaftari shuleni. Ilikuwa Upanishadi ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, ambayo ina orodha za walimu mahali patatu, ndefu, zenye kuchosha kama silsila yoyote. Akaanza kuisoma ile ya mwisho, akinitafsiria: mwana wa Pautimashi alipokea kwa mwana wa Katyayani, mwana wa Katyayani kwa mwana wa Gautami, mwana wa Gautami kwa mwana wa Bharadvaji, mwana wa Bharadvaji kwa mwana wa Parashari... Alikuwa amefika mbali ndipo nikashtuka kwamba hayo yote ni majina ya kike. Walimu ni wanaume, lakini kila mmoja wa hao aliowasoma anatajwa kwa mama yake. Baba hayumo. Shankara mwenyewe, katika ufafanuzi wake, anasema sehemu iliyotangulia ilihusu mama na kupatikana kwa mwana mwema, ndiyo maana orodha ikawafuata mama. Sijawahi kuona isnadi ya namna hiyo, wala sikuwa na la kusema.

Meshtru akafunga kitabu. "Wewe nani alikusomesha herufi ya kwanza?"

Nikamtajia sheikh wa madrasa nilikohitimia, mtu wa ijaza, idhini ya kusomesha, aliyesoma Hadhramaut.

"Herufi ya kwanza," akarudia.

Herufi ya kwanza ilikuwa ya bibi. Alikuwa na chuo chake ukumbini kwetu Tanga, watoto kumi na mbili, wakati mwingine ishirini, jamvi moja na kibao cha mbuzi pembeni, kwa sababu alisomesha huku akikuna nazi. Ada ilikuwa sarafu ya kila Alhamisi, na asiyekuwa nayo alileta ndoo ya maji. Hakuwa na ijaza ya mtu. Barua zikija za Kiswahili cha maandishi ya Kizungu alisomewa na sisi wajukuu. Lakini alifu hadi yee, irabu zake, na Juzuu Amma yote niliipata kwake, nikapelekwa madrasa nikiwa tayari nasoma, na sheikh akasifiwa kwa kunifundisha haraka. Nami miaka yote nikiulizwa nimesoma wapi nilitaja madrasa. Bibi alikuwa bibi tu.

Sikumweleza Meshtru yote hayo jioni ile. Nilisema, "Bibi yangu," nikanywa kahawa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ya Waiyengar, wafuasi wa Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Kihindu, yule aliyeishi miaka kadhaa Melukote, kilima cha mahekalu kaskazini ya Mysuru. Kwao ubeti huo huo ulianza kwa Lakshminatha, yaani Mungu Vishnu, na katikati wakawaweka walimu wao Nathamuni na Yamuna badala ya Shankara. Wao husema mtunzi ni Kuresha, mwanafunzi wa Ramanuja. Kati ya nyumba hizo mbili nani alichukua kwa nani, majirani hawakuwa na haraka ya kuamua. Mimi kilichonishika ni kwamba mwanzo unabadilishwa, kati inabadilishwa, lakini kipande cha tatu na cha nne nilivisikia vile vile kutoka pande zote mbili za barabara. Hadi kwa mwalimu wetu, nawaamkia. Mahali pa jina la mwisho pameachwa wazi, na kila anayesoma anapajaza kimoyomoyo.

Kulikuwa na mtoto mmoja barazani, wa fundi baiskeli wa kona ya pili, ambaye ulimi wake haukuwa mwepesi. Wenzake wakianza kucheka Meshtru aliwasimulia Totaka, mmoja wa wanafunzi wanne wakuu wa Shankara. Alikuwa mzito, kazi yake kumfulia mwalimu nguo. Siku moja Shankara akakataa kuanza somo kwa sababu Totaka yuko mtoni, mmoja wa wenzake akasonya kwamba kumfundisha yule na kuufundisha ukuta ni mamoja. Totaka akarudi na nguo mbichi begani, akiimba beti nane alizozitunga njiani kwa bahari ngumu kuliko zote walizozijua. Nilikisikia kisa hicho labda mara kumi. Mtoto wa fundi baiskeli hakutunga beti, lakini aliacha kukimbia barazani.

Visa vingine havikunikalia vizuri, na nisingependa msomaji adhani nilirudi nimelewa sifa za India. Katika Mahabharata yumo Ekalavya, kijana wa msituni aliyekataliwa na mwalimu Drona kwa sababu ya nasaba yake. Akajifinyangia sanamu ya Drona kwa udongo, akajifundisha upinde mbele yake mpaka akawapita wanafunzi wa kweli. Drona alipogundua alidai ada: kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya akakikata akampa. Nikamuuliza Meshtru, huyu naye ni parampara? Magazeti ya huko hayakosi guru aliyefikishwa mahakamani, na mbele yake waumini wanalia kana kwamba wao ndio walioshtakiwa. Akanisomea Upanishadi ya Taittiriya, pale mwalimu anapowaaga wanafunzi waliomaliza: yale mema tuliyoyatenda sisi, hayo uyafuate, si mengine. Ni maneno mazuri, mwalimu anakiri mbele ya mwanafunzi kwamba ana mengine. Ila kidole cha Ekalavya hakirudi kwa maneno mazuri, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Hakirudi," akaingia ndani kulala mapema.

Julai 2012 Meshtru na Ajji walinichukua Sringeri. Mwezi mpevu wa Ashadha, mwezi wa kalenda ya Kihindu, ni Guru Purnima, siku ya walimu wote kuanzia Vyasa, anayesemwa kuwa mtunzi wa Mahabharata, na watawa wa Kihindu ndipo wanapoanza kukaa mahali pamoja kwa msimu wa mvua badala ya kutangatanga. Sringeri ni moja ya vituo vinne ambavyo mapokeo yanasema Shankara aliviweka, vingine vikiwa Dwarka, Puri na Jyotirmath. Basi lilipanda usiku kucha kupitia Hassan na mashamba ya kahawa ya Chikkamagaluru. Mvua ya Milima ya Ghat sijui niifananishe na nini, masika ya Tanga ni manyunyu. Kuna hekalu la mawe la Vidyashankara lenye nguzo 12 za buruji, na husemwa jua la asubuhi hupiga kila nguzo kwa mwezi wake. Siku tuliyofika jua halikupiga chochote. Mto Tunga ulikuwa rangi ya chai, samaki wanene kama mkono wakigombania bisi za mchele zilizotupwa na mahujaji, maana kuwavua ni mwiko.

Orodha ya walimu wa pale inataja majina 36 kutoka Shankara hadi yule aliyekuwa kitini, Bharati Tirtha. Mwanafunzi wa famasia hakosi kupiga hesabu: miaka elfu na mia mbili kwa 36, kila mmoja miaka 33. Kwa hiyo kimya nilichokidhihaki kilikuwa na majina, Meshtru hakuwa amejisumbua tu kunitajia. Mahali pa ibada sikuingia, nilikaa kibarazani na viatu vyao, halafu tukala wote katika safu ndefu sakafuni, wali na mchuzi mwepesi wa pilipili, watu mamia, bure. Maulidi bila nyama, nikajisemea.

Lakini sicho walichoniletea kuona. Alasiri Meshtru alitupeleka kwenye nyumba ndogo ya vigae karibu na mto. Ndani kulikuwa na mzee mkongwe, mwembamba, shali kichwani, ameegemea ukuta. Meshtru, wakati huo ana miaka 71 na goti bovu, akaweka mwavuli chini, akalala kifudifudi sakafuni kwa urefu wake wote, mikono imenyooshwa kuelekea miguu ya yule mzee. Wanaita sashtanga, yaani kwa viungo vinane. Nane tena. Kuinuka kulimshinda, tukamwinua mimi na Ajji.

Mzee akauliza huyu nani. Meshtru akajitaja, akataja mwaka wa darasa lao. Mzee akatikisa kichwa. Akauliza tena, akajibiwa tena. Tulipokuwa tukiaga akauliza mara ya tatu, akatupa ndizi mbili kutoka kwenye sahani iliyokuwa kando yake.

Ndani ya basi nilimwonea huruma Meshtru, nikamwambia pole. Hakuelewa pole ya nini. "Kunikumbuka si kazi yake," akasema, akala ndizi yake.

Njia nzima nilikuwa na neno moja kichwani, vande. Miaka ile yote sikuwahi kuusoma ubeti wao kwa nia ya kusoma, kwa sababu kuinama kwangu kuna mwenyewe. Meshtru hakuwahi kuniomba, na hilo ni moja ya mambo ninayomheshimia. Sasa nikamweleza Ajji kwamba kwetu mtoto humwamkia mkubwa kwa kusema shikamoo, na wazee husema neno hilo lilitoka kwenye "nashika miguu yako". Unamwambia mwalimu, unamwambia kondakta, unamwambia mama muuza vitumbua.

"Na mnaishika kweli?" Meshtru akauliza.

"Hapana. Tunasema tu."

"Afadhali," akasema Ajji, "magoti yanasalimika."

Kabla ya kufika Hassan nilikuwa nimeshapata ubeti, nikauandika nyuma ya tiketi:

Sadashiva ndiye chanzo
Shankara kati ya funzo
hadi kwa wangu wa mwanzo
wote nawaamkia

Nilimtafsiria Meshtru. Mizani aliikubali, alihesabu kwa kidole. Kipande cha tatu alikataa: ubeti unasema mwalimu wa mwisho, wewe umeandika wa mwanzo. Nikajitetea kwamba kina kilinilazimisha, na ni kweli, -nzo haina maneno mengi. Akafikiri mpaka taa za mji zikaanza kuonekana, halafu akasema niuache.

Nilirudi Tanga mwaka 2014. Bibi alikuwa ameshaacha kusomesha, macho yamefunga ukungu, anakaa ukumbini pale pale penye jamvi. Nikamwambia shikamoo bibi, na mkono ukaenda wenyewe, nikamshika miguu. Akaivuta kwa nguvu. "Una nini wewe? Umefiwa?" Nikasema sina kitu. Nikamuuliza yeye alisomeshwa na nani.

Alishangaa kuulizwa. Akasema na mama Athumani, pale Chumbageni, mwanamke mkali, alikuwa akipiga kwa mwiko. Na mama Athumani je? Akatafuta. Na mama Saidi, wa Pangani. Na huyo? Huyo, alisikia, alifundishwa na mwanamke aliyekuja kwa jahazi kutoka Lamu, jina lake hakulijua, wala hakujua alikuwa mama wa nani. Nikatoa daftari nikaandika. Wale wa Upanishadi walijulikana kwa mama zao, hawa wangu wamejulikana kwa watoto wao.

"Unaandika nini?"

"Majina ya walimu wako."

"Na wewe je, bado unasoma au umeyaacha kwa hao Wahindi wako?" Akaniagiza msahafu, akasema nianzie Amma, hapo alipo anasikia. Nikasoma. Aya ya tano akagonga mkeka kwa kidole, nimekata madda, ule mvuto wa irabu, nirudie.